SOMO: KUCHAGUA STESHENI WAGONI ILIYOTUMIKA, NA HESABU YA GHARAMA ZAKE



Matawi matatu yametuandikia yakiuliza jambo moja. Wanachama wameweka akiba katika mfuko wa kusaidiana, sasa wanataka kununua gari moja la stesheni wagoni kwa ajili ya kambi, nao wanauliza wanunue lipi. Tunajibu kwa njia ya somo, maana sisi wa tawi hili la mashamba ya chai tumekwisha kununua mara mbili. Mara ya kwanza tulipotea. Mara ya pili gari linatembea hadi leo, na daftari lake lipo kwa mweka hazina, kila mwanachama aweza kulifungua.

Kambi yetu iko kilomita 30 kutoka mjini Fort Portal, na sehemu kubwa ya njia hiyo ni barabara ya udongo yenye vilima. Lori la mwajiri hufungiwa geti saa kumi na mbili jioni. Usiku mmoja wa mvua mke wa mwenzetu mmoja, mpakiaji katika kiwanda, alishikwa na uchungu, na chombo pekee kilichopatikana kilikuwa trekta na tela la kubebea majani. Mtoto alizaliwa njiani, juu ya magunia. Mama na mtoto walipona, lakini asubuhi yake hapakuwa na mtu aliyehitaji kuhubiriwa juu ya gari. Mkutano uliitishwa na watu wakaandikisha michango siku hiyo hiyo.

Tulichagua stesheni wagoni, si basi dogo wala pikapu, kwa sababu zilizo wazi. Viti vya nyuma vikilazwa, mgonjwa hulala kwa kunyooka. Siku ya soko hubeba mahindi na maharage. Vikisimamishwa, watu wanne huketi nyuma ya mvua pamoja na dereva. Na msiba ukitokea hubeba jeneza. Tusione haya kulitaja, maana ndiyo safari ambayo wenye teksi hututoza zaidi kuliko zote.

GARI LA KWANZA

Tulimtuma mwenyekiti na wajumbe wawili mjini, wakiwa na fedha taslimu mfukoni. Hilo lilikuwa kosa kabla ya kosa. Mtu mwenye fedha mfukoni na watu wanaomngoja nyumbani huona aibu kurudi mikono mitupu. Dalali aliwaonyesha gari lililopakwa rangi mpya, injini imeoshwa inang'aa, mazulia mapya. Walipofika lilikuwa tayari linanguruma. Wakazungushwa mtaani, kwenye lami tambarare, wakiwa watu watatu bila mzigo. Walilipa, wakarudi wakipiga honi.

Wiki ya tatu gari lilichemsha kwenye kilima cha kwanza likiwa na watu watano. Fundi alifungua akakuta gasketi ya kichwa cha injini imeungua, na kichwa chenyewe kimepinda. Oili iliyokuwamo ilikuwa imetiwa dawa ya kuifanya nzito ili injini isipige kelele. Tulipotaka kulirudisha, tuligundua kwamba kitabu cha gari kilikuwa bado kina jina la mtu wa tatu ambaye hatukumwona kamwe, na dalali akasema yeye alikuwa mwonyeshaji tu. Gari lile lilikaa juu ya mawe nyuma ya kantini miaka miwili. Watoto walicheza dereva na utingo ndani yake.

Hatukuwafukuza wajumbe wale. Tungefanya hivyo tungekuwa waongo, kwa sababu hakuna hata mmoja wetu aliyewapa maagizo ya nini cha kutazama. Maagizo hayo ndiyo haya.

KULITAZAMA GARI

Fikeni asubuhi mapema, bila kutoa habari ya saa. Kabla ya salamu kwisha, mmoja aweke kiganja juu ya boneti. Ikiwa ni ya moto, mwenye gari ameliwasha kabla yenu, na yafaa mjiulize kwa nini. Injini ngumu kuwaka, injini inayogonga kwa sababu oili haijapanda, injini inayotoa moshi wa kwanza: yote haya huonekana ikiwa baridi tu.

Ikiwa bado baridi, fungueni kifuniko cha rejeta. Msikifungue kamwe injini ikiwa moto. Maji yatamuunguza mtu uso. Maji yawe safi, bila utando wa mafuta. Kisha chomoeni kijiti cha oili na mfungue kifuniko cha kutilia oili. Mkiona kitu cheupe kama maziwa yaliyoganda, maji yamekutana na oili, nanyi mnaweza kuaga. Liwasheni, mtu mmoja asimame nyuma kwenye bomba la moshi. Moshi wa buluu maana yake injini inakula oili. Moshi mweusi maana yake petroli inaingia nyingi kupita kiasi. Moshi mweupe asubuhi ya baridi si neno ukikoma upesi, lakini usipokoma baada ya injini kupata moto, ni maji yanayoungua ndani.

Kwa stesheni wagoni, sehemu ya kutazamwa zaidi ni nyuma, na hapo ndipo wengi hawatazami. Inueni zulia la buti hadi kwenye shimo la tairi la akiba. Magari mengi ya namna hii katika nchi zetu za maziwa yamebeba samaki. Maji ya samaki wenye chumvi huteremka chini ya zulia na kuila sakafu polepole, na juu husalia rangi nzuri. Bonyezeni kwa kidole gumba. Pale palipochomelewa ulizeni ni kwa nini, kwa maana gari lililogongwa nyuma likanyoshwa huwa na mlango wa nyuma usiokaa sawa: upenyo upande mmoja mpana, upande mwingine mwembamba. Chukueni sumaku ndogo mkaipitishe juu ya bodi; isiposhika, chini ya rangi kuna puti au plastiki, si bati. Mlango wa nyuma ukiinuliwa ukae juu wenyewe. Vyuma vyake vya kuushikilia vikichoka huangukia vichwa vya watu, nasi tunaye mjumbe mwenye kovu la kuthibitisha.

Halafu mfanye jambo ambalo wauzaji watalicheka. Lazeni viti, mumlaze buti mtu mrefu kuliko wote mliofuatana. Sisi tulimlaza katibu wetu. Katika gari moja alilazimika kukunja magoti, na muuzaji akasema mgonjwa hana haja ya kunyoosha miguu. Tulimwacha na gari lake.

Mita ya kilomita msiiamini. Hurudishwa nyuma kwa dakika chache. Tazameni mpira wa pedali ya breki, usukani, na kiti cha dereva. Gari linaloonyesha kilomita 70,000 na pedali yake imelika hadi chuma linasema mambo mawili yanayopingana. Ikiwa gari lilinunuliwa kwenye mnada huko Japani, muulizeni muuzaji karatasi ya mnada. Karatasi hiyo ina kilomita zilizosomwa siku ile na daraja la hali ya gari. Herufi R au RA mahali pa daraja maana yake liligongwa likatengenezwa. Matairi nayo yana kalenda yake. Katika ubavu, baada ya herufi DOT, tafuteni tarakimu nne za mwisho: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye meno marefu lakini la miaka kumi limekwisha kukauka.

Jaribio la njiani lifanywe kwa mzigo ule mtakaoubeba. Jazeni watu, mtie na magunia, mpande kilima, kisha mteremke kwenye udongo wenye mashimo mkiwa mmefungua madirisha ili msikie. Mlio wa kugonga mbele kwenye kila shimo ni bushi au boljointi. Nyuma ikiendelea kuruka-ruka baada ya shimo kupita, shokapu zimekufa. Tafuteni mahali salama na tambarare mshike breki kwa nguvu, mwone kama gari linavuta upande mmoja. Kwa gari la giaboksi ya otomatiki, chomoeni kijiti cha oili yake pale kilipo. Oili iliyogeuka nyeusi na kunuka kama kitu kilichoungua ni onyo, maana giaboksi hiyo ikifa hula sehemu kubwa ya bei ya gari.

KARATASI

Hapa tutasema machache, lakini mkiyapuuza hayo mengine yote ni bure. Muuzaji awe ndiye mwenye jina kwenye kitabu, na aonyeshe kitambulisho chake. Namba ya chesi iliyopigwa kwenye chuma ilingane na ya kitabu, tarakimu kwa tarakimu. Ulizeni ofisi ya usajili kama gari limewekwa rehani kwa mkopo. Malipo yafanyike benki, si mkononi, na kubadili jina kufanyike siku ile ile. Wala gari la wanachama lisiandikwe jina la mwenyekiti. Mwenyekiti ni binadamu; aweza kuhamishwa, kufa, au kugombana nasi.

MAGARI MATATU TULIYOYALINGANISHA

Mara ya pili tulituma watu watano na fundi wa kiwandani tuliyemlipa sisi wenyewe. Hawakubeba fedha. Waliagizwa kutazama matatu na kurudi.

La kwanza lilikuwa Peugeot 504 ya familia, yenye safu tatu za viti. Wazee walilipenda kabla ya kulitazama, na tunaelewa sababu. Gari hilo lilitolewa mwaka 1968, na stesheni wagoni yake ikafuata mwaka 1971, ikiwa na springi nne za koili kwenye ekseli ya nyuma, ndiyo maana lilivumilia mizigo. Lilishinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978, na miaka mingi lilikuwa ndilo gari la abiria wa safari ndefu nchini Kenya. Lakini Ulaya waliacha kulitengeneza mwaka 1983. Fundi wetu alituuliza swali moja tu: kabureta ikiharibika usiku wa mgonjwa, spea itatoka wapi? Wazee walinyamaza. Mmoja alilipigapiga boneti kama anayeagana na ng'ombe.

La pili lilikuwa stesheni wagoni ya injini ya lita 2, inayovuta kwa magurudumu yote manne wakati wote. Gari zuri, pana, tena bei yake ilikuwa chini kuliko la tatu. Tutarudi kwenye bei hiyo. Fundi alitahadharisha pia kwamba gari la namna hiyo linataka matairi manne ya ukubwa mmoja na yaliyolika sawasawa. Ukilivisha tairi moja jipya na matatu mazee, difu ya katikati huzunguka bila kupumzika mpaka iharibike. Sisi tunaonunua tairi moja moja kwa kadiri mshahara unavyoruhusu, tulijitazama.

La tatu lilikuwa Toyota Probox. Msomaji analijua, maana limejaa barabarani. Lilianza kutengenezwa mwaka 2002 kuchukua nafasi ya Corolla ya kubebea mizigo, likakusudiwa kazi za wachuuzi na makampuni huko Japani, ndiyo maana ndani hakuna urembo. La kizazi cha kwanza lenye injini ya petroli ya lita 1.3 huandikwa NCP50 kwenye kibao chake, na la lita 1.5 NCP51. Injini hizo zote mbili hutumia cheni ya taimingi, si mkanda wa mpira unaopaswa kubadilishwa kwa kilomita maalumu. Ulizeni spea zake hata katika duka dogo la wilaya, utaonyeshwa rafu nzima.

Lakini tuseme ukweli juu ya Probox pia. Watengenezaji wameliwekea mzigo wa kilo 400 likiwa na watu wawili. Hayo ni magunia manne ya mahindi ya kilo 100, basi. Tunaona njiani Probox zenye watu tisa na mbuzi, na watu husema ni gari gumu. Ni gumu, lakini breki zake zilipimwa kwa uzito ule wa kwanza. Anayeongeza springi nyuma ameongeza kimo cha gari, hakuongeza breki hata kidogo.

BEI YA KUNUNUA NA BEI YA KUTEMBEA

Sasa tushike kalamu. Bei tunazotumia ni za mfano, kila tawi liweke za soko lake.

Gari la lita 2 lilitakiwa shilingi 13,000,000, na Probox 18,000,000. Wanachama wengi walisema tuokoe milioni tano. Basi tulifanya jaribio. Kila gari tulilijaza tangi kwenye pampu moja, likiwa limesimama mahali pale pale, hadi bomba lilipojifunga lenyewe. Tukaliendesha kilomita 60, kwenda kambini na kurudi, tukalijaza tena pale pale. Probox ilichukua lita 5, yaani kilomita 12 kwa lita. Lile kubwa lilichukua lita 7.5, yaani kilomita 8 kwa lita.

Tulikisia gari letu litatembea kilomita 1,500 kwa mwezi. Probox itakunywa lita 125. Lile kubwa lita 187.5. Tofauti ni lita 62.5, na kama lita moja ni shilingi 5,000, tofauti hiyo ni 312,500 kila mwezi. Gawanyeni 5,000,000 kwa 312,500. Mwezi wa 16 milioni tano mliyookoa imekwisha, na kuanzia wa 17 mnalipa kutoka mfukoni kwa kuwa mlinunua rahisi. Mama mmoja mchuma chai, ambaye hakupita darasa la tatu, ndiye aliyetangulia kupata jawabu hilo mkutanoni, kwa vijiti.

Petroli hata hivyo ni nusu ya habari, na nusu ya pili ndiyo iliyoliua gari letu la kwanza hata kabla ya gasketi. Tulikuwa tukimtoza mwanachama petroli tu. Haya tazameni kilomita moja ya Probox inagharimu nini kwa kweli. Petroli, 5,000 kugawanya kwa 12, ni shilingi 417. Oili na filta, tuseme 150,000 kila kilomita 5,000, ni 30. Matairi manne ya 1,000,000, ambayo kwa udongo wetu tumekisia kilomita 25,000, ni 40. Bima na karatasi, tuseme 360,000 kwa mwaka wa kilomita 18,000, ni 20. Bushi, shokapu, breki, boljointi na yasiyojulikana, tuweke 100. Tena gari lenyewe linachakaa: tukilinunua 18,000,000 na kuliuza baada ya miaka minne kwa 10,800,000, tumepoteza 7,200,000 katika kilomita 72,000, yaani 100 kwa kila kilomita. Jumla ni shilingi 707.

Safari ya hospitali, kwenda na kurudi kilomita 60, inagharimu basi 42,420. Sisi tulikuwa tukitoza 25,000 ya petroli na kujisifu kwamba tunawahurumia wagonjwa. Kila safari ilikuwa ikiacha deni la shilingi elfu 17 na zaidi, likijificha ndani ya matairi na shokapu, mpaka siku lilipodai lote kwa pamoja. Mkutano ulibishana sana juu ya hili. Wengine walisema mwenye mgonjwa hawezi kulipa 42,000 usiku ule. Ni kweli hawezi. Tulikubaliana mwenye mgonjwa alipe petroli, na tofauti ilipwe na mchango wa kila mwezi wa wanachama wote, iingie katika akaunti ya gari isiyoguswa kwa jambo jingine. Safari za soko hulipa gharama kamili, lakini kwa wanachama waliosajiliwa tu. Hapo angalieni: gari la binafsi likianza kubeba abiria wa kulipa huwa gari la biashara mbele ya sheria, na bima ya gari la binafsi yaweza kukataa kulipa ajali. Waulizeni watu wa bima kwanza, mpate jibu kwa maandishi.

Kuna gharama moja ambayo hatukuiweka katika zile 707, na tunaungama kwamba ni mwanachama mmoja aliyetuaibisha nayo. Dereva wa gari la kwanza alikuwa mwenzetu aliyejitolea. Aliamshwa saa nane za usiku, akarudi alfajiri, akaenda zamu ya kiwandani. Wakati ule ule sisi viongozi tulikuwa mezani kwa mwajiri tukidai malipo ya saa za ziada. Sasa dereva analipwa kwa kila safari, na ya usiku ina nyongeza.

Kwa wasomaji wetu wa Rwanda, Burundi na Kongo tuongeze neno. Kwenu magari hupita upande wa kulia wa barabara, na mengi ya Japani yana usukani kulia. Dereva aliyeketi upande huo haoni mbele anapotaka kulipita lori. Msinunue kabla ya kujua sheria ya nchi yenu juu ya usukani huo. Na kwa wa Uganda na Kenya: mkitaka kuagiza moja kwa moja kutoka nje, umri wa gari una mpaka. Kenya iliweka miaka minane, na Uganda mwaka 2018 ilitunga sheria ya kuzuia kuingiza yaliyofikisha miaka 15 tangu kutengenezwa. Ulizeni mpaka wa siku ile mnayoagiza, kabla ya kutuma fedha.

KAZI YA DARASA

Tawi moja lina kambi kilomita 18 kutoka zahanati. Wanatazama gari la shilingi 15,000,000 linalokwenda kilomita 10 kwa lita, nao wanatarajia kilomita 1,000 kwa mwezi. Tafuteni gharama ya kilomita moja, mkitumia bei za petroli, oili na matairi za mjini kwenu, na mkiweka wenyewe bei ya kuliuza baada ya miaka minne. Wekeni na malipo ya dereva. Kisha tafuteni mchango wa mwezi wa kila mwanachama ikiwa ni 80. Matawi yatakayotuletea hesabu zao tutazipitia pamoja na fundi wetu, naye ameomba ziandikwe kwa wino.